UZI: Mashine zimefika hadi hospitali za misheni. Wito wa tabibu Mkristo umebaki wapi?

#1 Mwalimu_wa_Wodi (Mukono)

Bwana asifiwe, ndugu.

Nina hoja, na nataka mnipinge kwa mambo yanayoshikika, si kwa mahubiri. Naona mashine zinautoa udaktari wa Kikristo kiini chake. Mwanafunzi wa leo akimwendea mtoto mwenye kikohozi, mkono wa kwanza unakwenda kwenye oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, wa pili kwenye simu. Kifua hakifunuliwi. Mama haulizwi kama mtoto bado ananyonya. Namba ikitokea, mazungumzo yamekwisha.

Yesu alinyosha mkono akamgusa mwenye ukoma (Marko 1:41). Angeweza kusema neno tu, lakini alimgusa. Dkt. Albert Cook alipofungua hospitali ya Mengo mwaka 1895 hakuwa na skrini yoyote, na watu walitembea siku kadhaa kumfuata. Walikuwa wanafuata nini?

Swali: mashine inamsaidia tabibu Mkristo kutimiza wito wake, au inamfanyia kazi ile ambayo ndiyo iliyokuwa wito wenyewe?

#2 Jjajja_wa_Namirembe (Kampala)

Mwanangu, tuanze na tarehe. Cook alifika Kampala Februari 1897, na hospitali ilianza mwaka huo huo. Radi iliiteketeza mwaka 1902, wakaijenga upya. Mwaka 1907 ikapata mashine ya eksirei, wakati huku kwetu hakuna aliyekuwa ameiona mashine ya namna hiyo.

Kwa hiyo usimchore Cook kama mtu wa mikono mitupu. Yeye na ndugu yake Jack ndio walioitambua malale mwaka 1901 kwa wagonjwa wao, tena kwa kukaa na mgonjwa na kuandika kila kitu. Katharine, mke wa Albert, alikuwa muuguzi, na ndiye aliyewapa mabinti wa Uganda ukunga wa kisomo. Vifaa na wito vilikaa nyumba moja tangu mwanzo. Ulizia ni lini viligombana.

#3 Mwalimu_wa_Wodi

Asante Jjajja, 1897, nimesahihishwa. Hoja yangu iko palepale.

#4 Nesi_Wodi_ya_Watoto (Jinja)

Mwalimu, hapo kwenye oksimita nina neno, kwa sababu wengi wanaitumia vibaya kisha wanailaumu.

Utaratibu ni huu. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Funua kifua. Hesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama saa. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa kuwa mtoto mchanga hupumua kwa kukatiza. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Tazama kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta hewa. Muulize mama kuhusu kunyonya, kutapika, degedege.

Hapo ndipo unaweka oksimita. Kidole kiwe na joto, hakina hina wala rangi ya kucha, na jua la dirishani lisikipige. Subiri wimbi litulie. Linganisha mapigo ya moyo ya mashine na yale unayohesabu mwenyewe kwa stetoskopu. Yasipolingana, namba ya oksijeni nayo usiiamini. Mtoto akiwa chini ya 90 katika 100, anza oksijeni.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa Marekani kuhusu wagonjwa ambao oksimita iliwaonyesha 92 hadi 96. Walipopimwa damu ya ateri, karibu 12 katika kila 100 ya watu weusi walikuwa chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa karibu 4. Mwanga wa kifaa kile unapita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inauchanganya. Ikiwa mashine inasema 93 na kifua kinaingia ndani, amini kifua.

Kwa hiyo kugusa hakujapitwa na wakati. Ni sehemu ya kipimo chenyewe.

#5 DaktariKijana (Mbarara)

#4 umeniwahi, asante dada. Ila Mwalimu, umechagua aya moja ukaacha nyingine. Mtumishi wa yule akida wa Kapernaumu aliponywa kwa mbali, Yesu hakuingia hata nyumbani (Mathayo 8). Huwezi kujenga sheria ya wito juu ya mkono peke yake. Mama wa Karamoja ambaye picha yake ya eksirei inasomwa na daktari aliyeko Kampala hajanyimwa upendo.

#6 FundiVifaa (Soroti)

Mnazungumza wito kana kwamba unaishia kwa mwenye koti jeupe. Ruhusuni fundi aseme.

Konsentreta, mashine ya kumpa mgonjwa oksijeni, inavuta hewa ya chumbani, ambayo ni oksijeni 21 na naitrojeni 78 katika kila 100. Ndani kuna mitungi miwili ya zeolaiti, yaani punje za madini, inayonasa naitrojeni kwa zamu, na kinachotoka ni oksijeni ya 90 kwenda juu. Maadui wake ni wanne: vumbi, joto, unyevu na umeme wa kurukaruka. Sifongo ya nyuma hutolewa kila wiki, ioshwe kwa sabuni, isuuzwe, ikauke kabisa. Ukiirudisha mbichi unaiingizia mashine unyevu, na zeolaiti ikishiba maji haiwezi tena kunasa naitrojeni. Iache sentimita 30 kutoka ukutani. Pazia lisiiguse. Na stebilaiza ya kutuliza umeme si pambo.

Sasa sikilizeni hili, kwa kuwa hapa ndipo watoto hufia. Konsentreta iliyochoka inanguruma kama kawaida. Kile kipira cha kupimia mtiririko kinasimama kwenye lita 2 kama kawaida. Ukitumbukiza mrija kwenye maji, mapovu yanatoka. Lakini kinachotoka ni oksijeni ya 50, pengine 40. Hakuna jicho la muuguzi wala la profesa linaloweza kulijua hilo. Linajulikana kwa kipima oksijeni tu, na kipimo hicho kifanywe angalau mara moja kwa mwezi na kiandikwe kwenye kadi iliyofungwa kwenye mashine.

Utafiti wa mwaka 2011 ulikusanya orodha za vifaa vya hospitali kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo, ukakuta karibu vifaa 40 katika kila 100 havifanyi kazi. Wafadhili wanaweka wakfu mashine kwa maombi, utepe unakatwa, askofu anabariki. Mwaka wa pili nani anaweka bajeti ya sifongo? Mimi nasema wito wa enzi hii uko hapo hapo, kwa anayeosha sifongo siku ya Jumatatu ambapo hakuna anayemtazama.

#7 Sista_Mstaafu (Nkokonjeru)

Tumsifu Yesu Kristo. FundiVifaa, Mungu akubariki kwa maneno hayo.

Yoshua bin Sira sura ya 38 inafundisha kwamba tabibu anastahili heshima, kwamba dawa zimetoka ardhini kwa uwezo wa Mungu na mwenye akili hazidharau, na kwamba tabibu mwenyewe huomba kwa Bwana ili autambue ugonjwa. Ndani ya sura hiyohiyo mko mfinyanzi, mhunzi na mkulima, na imeandikwa kwamba kazi ya mikono yao ndiyo sala yao. Fundi na tabibu wamewekwa ukurasa mmoja.

Mama Kevin alipofika Nsambya na masista wenzake mwaka 1903, zahanati yao ilianza chini ya mwembe. Wito ulianzia pale, mashine zikafuata.

#8 Mlokole_Kabale

Tukutendereza Yesu. Sista, kitabu hicho hakimo katika Biblia zetu! Lakini sitagombana nawe, maana fundisho lenyewe liko pia katika Luka 10: Msamaria alimwaga mafuta na divai, akafunga majeraha, akampandisha kwenye mnyama wake, akalipa dinari mbili. Tiba ya wakati ule, usafiri na gharama ya kulazwa, vyote vitatu vimetajwa.

Ila msisahau kwamba nchi hii iliwahi kuwa na Wakristo walioona kinyume. Mwaka 1914 walitokea Abamalaki katika Buganda, wafuasi wa Malaki Musajjakawa, wakiungwa mkono na Joswa Kate, chifu mwenye cheo cha Mugema. Walikataa dawa zote, za hospitali na za kienyeji, na chanjo pia, wakisema anayeponya ni Mungu tu. Malaki alikufa mwaka 1929 uhamishoni Kitgum baada ya kukataa kula. Kwa hiyo swali la Mwalimu lina umri wa zaidi ya miaka 100 hapa kwetu.

Na sisi wa Uamsho tuna jibu letu. Joe Church aliyekuwa Gahini, Rwanda, alikuwa daktari. Simeoni Nsibambi wa Kampala alikuwa ofisa wa afya wa serikali. Walipokutana mwaka 1929 na moto ukawaka, daktari hakuiacha hospitali yake kwa sababu ya kuokoka.

#9 Sista_Mstaafu

Mpendwa wa Kabale, basi kaazime Biblia ya jirani Mkatoliki, aya ni chache.

#10 Katekista_wa_Gulu

Hamjambo. Nashangaa mmefika #9 bila kutaja Lacor. Hospitali ile ilianzishwa na Dkt. Piero Corti na mkewe Dkt. Lucille Teasdale mwaka 1961. Lucille alikuwa mpasuaji, akaambukizwa virusi vya UKIMWI kwenye upasuaji, akaendelea na kazi kwa miaka mingi, akafariki 1996.

Halafu mwaka 2000. Wanafunzi wa uuguzi walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana. Dkt. Matthew Lukwiya aliitwa arudi kutoka masomoni Kampala. Alifanya nini kwanza? Alikaa usiku na mafaili. Alizipitia kumbukumbu za waliokufa mmoja mmoja, akaona mfanano, akashuku homa ya virusi ya kutoka damu. Sampuli zikapelekwa Afrika Kusini, na katikati ya Oktoba ikathibitishwa kuwa ni Ebola. Wagonjwa walifika 425, waliokufa 224. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Maabara ya Afrika Kusini ilithibitisha, nakubali. Lakini kilichoielekeza maabara ni mtu aliyesoma daftari la wodi. Na daftari lile lilikuwa na maana kwa sababu wauguzi walikuwa wameandika saa, joto la mwili na dalili.

#11 Jjajja_wa_Namirembe

Katekista, ni mimi tena na tarehe zangu. Lacor ilianzishwa 1959 na Wamisionari wa Comboni. Corti na Teasdale walifika 1961 wakaikuza. Mengine yote uliyosema ni kweli tupu.

#12 Katekista_wa_Gulu

Nimepokea, Jjajja.

#13 Mkunga_wa_Kasese

Ngoja niseme la wajawazito, kwa sababu mashine inayopendwa kuliko zote ni altrasaundi.

Kinachoharibika ni hiki. Mama anafanya skani kwenye kliniki ya mjini, anaambiwa mtoto ni wa kiume na yuko salama, basi hahudhurii kliniki hadi uchungu umshike. Lakini skani haimwambii presha yake. Haimwambii kama mkojo una protini. Haioni upungufu wa damu, kaswende wala VVU. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mahudhurio 8, na skani moja kabla ya wiki 24. Skani ni sehemu ndogo ndani ya mahudhurio hayo.

Mpangilio unaofaa: mama akojoe kwanza, alale chali kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo, nawa mikono na uipashe joto. Pima kwa futi laini kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba. Kati ya wiki 24 na 36 sentimita zinakaribiana na wiki. Tafuta kwa viganja kilichoko juu, kisha mgongo uko upande gani, kisha kilichoko chini. Weka kile kipembe cha kusikilizia mahali ulipoukuta mgongo, uhesabu dakika nzima: 110 hadi 160. Huku unasikiliza, shika mkono wa mama uhesabu mapigo yake, usije ukahesabu ya kwake ukadhani ni ya mtoto. Baada ya hapo, kama altrasaundi ipo, itumie kuuliza swali ambalo mikono imeshindwa kulijibu: kondo liko wapi, ni mapacha, umri wa mimba ni upi hasa.

Mwalimu, wanafunzi wako wanaanza na skrini kwa sababu hakuna aliyewapa mgonjwa bila skrini. Zima mashine asubuhi moja kwa wiki uwafundishe.

#14 Hesabu_za_Hospitali (Masaka)

Wote mnapigana na mkia wa nyoka. Kichwa ni fedha.

Mashine za kupima kemia ya damu mara nyingi hutolewa kwa bei ndogo au bure kabisa. Lakini zimefungwa: hazikubali vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya kampuni nyingine. Chukueni hesabu ya mfano. Boksi la vipimo 100 likifunguliwa linatakiwa litumike ndani ya siku 30. Hospitali ya kijijini ina wagonjwa 40 wanaokihitaji kipimo hicho kwa mwezi. Vipimo 60 vinamwagwa, na gharama yake ni lazima iangukie mahali. Utaona agizo limebandikwa ukutani: kila anayelazwa apimwe figo na ini. Hakuna aliyekusudia dhambi. Lakini mjane aliyekuja na malaria ya kawaida ameuza kuku wawili kulipia figo ambazo hazikuwa na tatizo.

Hapo ndipo wito unapotobolewa, na wala si kwenye mkono wa mwanafunzi. Daktari wa misheni anajikuta anafanya kazi ya kuilisha mashine.

Kabla ya kuipokea zawadi, uliza: inatumia vitendanishi gani na nani mwingine anaviuza, boksi likifunguliwa linakaa siku ngapi, inakula wati ngapi, fundi wake yuko Kampala au Nairobi, na mwaka wa tatu nani analipa matengenezo. Kama majibu hayapo, kataa kwa heshima. Kukataa zawadi nako ni uwakili.

#15 FundiVifaa

Ongeza hapo: omba kitabu cha mafundi, si kile cha mtumiaji peke yake. Mashine zilizotumika zinafika bila hicho, na nyingine ni za volti 110. Mtu anaichomeka kwenye 240, moshi unatoka, zawadi imekufa siku ya kwanza.

#16 Mlokole_Kabale

#14, umenigusa. Huku kwetu Kigezi kulikuwa na vikundi vya engozi tangu zamani: kila nyumba inachangia, na akiugua mtu wanakikundi wanambeba kwa machela kumshusha bondeni. Hospitali ya Kisiizi mwaka 1996 ilipoanzisha bima ya afya ilijenga juu ya vikundi hivyo hivyo, kwa kuwa watu tayari walikuwa wameaminiana. Na hospitali hiyo inapata umeme kutoka kwenye maporomoko yake yenyewe. Pigeni hesabu: konsentreta ya lita 5 inakula kama wati 350, ambayo kwa saa 24 ni uniti 8 na nusu hivi. Kwa jenereta ya dizeli mzigo huo unakufilisi. Kwa maji yanayoanguka usiku na mchana, unaweza kumlaza mtoto kwenye oksijeni siku tano bila kumwuliza baba yake ana shilingi ngapi.

Basi fedha si kichwa cha nyoka peke yake. Teknolojia iliyochaguliwa vizuri inaweza kuuondoa mzigo wa fedha kwa mgonjwa.

#17 Mzee_wa_Elgon (Mbale)

Mlokole amesema neno: iliyochaguliwa. Hapa Mbale kuna hospitali ya watoto ya CURE, ya Kikristo, inayotibu kichwa maji na mgongo wazi. Njia ya kawaida ya kichwa maji ni kuweka mrija kutoka kwenye ubongo hadi tumboni. Mrija huo huziba, au hupata maambukizi, na ukiziba mtoto anahitaji mpasuaji ndani ya muda mfupi. Kwa mtoto wa London ni safari ya gari. Kwa mtoto wa Kotido mvua ikinyesha, ni kifo.

Dkt. Benjamin Warf alipokuwa pale aliunganisha mambo mawili. Kwa darubini nyembamba hutoboa tundu kwenye sakafu ya ventrikali ya tatu ili maji yapate njia nyingine. Kisha huunguza tishu inayotengeneza maji hayo. Hakuna mrija unaobaki mwilini. Matokeo ya ulinganisho uliofanyiwa hapahapa Mbale yalichapishwa 2017: baada ya miezi 12 ukuaji wa akili wa watoto wa njia zote mbili haukutofautiana.

Oneni kilichoiendesha teknolojia ile. Ni swali la mchungaji: mtoto huyu akirudi kwao atakuwa mikononi mwa nani? Tena wengi wa watoto hao kichwa hujaa maji baada ya maambukizi ya siku za mwanzo za maisha. Kwa hiyo wito hauishii thieta. Unarudi hadi kwa mkunga na kitovu kisafi.

#18 Mkunga_wa_Kasese

Wembe mpya, mikono iliyonawa, na hakuna kupaka chochote zaidi ya kile ambacho kituo kimetoa. Samli na kinyesi cha ng'ombe, hapana.

#19 Mwanafunzi_Ishaka

Samahani wakubwa, mimi ni mwanafunzi tu. Dkt. Denis Burkitt aliyegundua kirusi cha saratani ya taya hapa Mulago, je, hakuwa Mkristo na mwanasayansi? Alitumia teknolojia gani?

#20 DaktariKijana

Mdogo wangu, Burkitt hakugundua kirusi. Aliuelezea uvimbe wenyewe mwaka 1958, baada ya kuona watoto wenye taya zilizovimba pande zote. Kirusi kilionekana 1964 na Epstein, Achong na Barr, kwenye seli za uvimbe zilizotumwa kwa ndege kutoka Kampala. Na ndiyo, Burkitt alikuwa Mkristo asiyejificha. Vifaa vyake vilikuwa fomu za maswali, picha na gari kuukuu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili madaktari walisafiri maili 10,000 hivi hadi kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmewahi kuuona uvimbe huu? Jicho lake moja lilikuwa limepotea utotoni.

Sasa nirudi kwenye mada, maana hamjaigusa akili mnemba. Programu za kusoma eksirei ya kifua kutafuta TB zipo, na Shirika la Afya Duniani lilizikubali mwaka 2021 kwa wenye miaka 15 na zaidi. Inavyofanya kazi: picha inaingia, programu inatoa alama. Hospitali inaweka kizingiti. Aliye juu ya kizingiti anatoa makohozi yapimwe.

Makosa ninayoyaona yakitajwa mara nyingi ni matatu. Watu wanachukua kizingiti cha nchi nyingine bila kukipima kwa wagonjwa wao. Kovu la TB ya zamani linapandisha alama, na mgonjwa anaanzishiwa dawa miezi sita bila makohozi kupimwa. Na mwenye VVU aliyedhoofu anaweza kuwa na TB huku picha iko karibu safi, programu ikamruhusu aende. Kumbukeni alichosema dada #4 kuhusu oksimita na ngozi nyeusi: mashine inarithi watu iliofundishiwa.

Mimi ninavyoelewa, wito uko kwenye kuwajibika. Programu haiwezi kuitwa mbele ya familia kueleza kwa nini. Anayetia sahihi ndiye anayeitwa.

#21 Mwalimu_wa_Wodi

Nawashukuru wote, na bado sijashawishika sawasawa. Kila mmoja wenu ametetea mashine inayotumiwa vizuri na mtu mwema mwenye muda. Wodi yenye wagonjwa 60 na wauguzi wawili haina muda huo. Pale, mashine inachukua nafasi ya kukaa na mtu. Tazameni kompyuta za kuandikia rekodi: daktari amempa mgonjwa mgongo.

#22 Nesi_Wodi_ya_Watoto

Hilo la mgongo linatibika. Meza iwekwe ubavuni, si kati yenu. Skrini igeuzwe ili mgonjwa naye aone. Dakika mbili za kwanza usiguse kibodi kabisa. Vipimo vya presha na uzito viingizwe mapokezi, daktari asirudie. Na fomu za karatasi ziwe tayari kwenye droo kwa siku umeme ukikatika, zenye mpangilio uleule wa skrini, ili kuziingiza baadaye kusiwe adhabu.

Hilo la wauguzi wawili kwa wagonjwa 60, Mwalimu, sina jibu.

#23 Katekista_wa_Gulu

Na siri za wagonjwa? Picha za eksirei zinazagaa kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na jina. Kasisi akitoa siri ya kitubio inajulikana uzito wake. Daktari Mkristo anabonyeza kitufe bila kuwaza.

#24 DaktariKijana

Kweli kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ipo tangu 2019, na taarifa za afya zimo humo. Ukiomba ushauri kwa picha: weka filamu kwenye kisanduku cha mwanga, zima flashi, simama wima mbele yake, picha isikatwe pembe. Ziba jina na namba ya faili, lakini usizibe alama ya kushoto na kulia, mtu asije akachomwa mrija upande usio na ugonjwa. Mtumie mtu mmoja, si kundi. Ukishajibiwa, andika ushauri kwenye faili, kisha ufute picha.

#25 Mama_wa_Makindye

Mmezungumza mashine kubwa tu. Mimi nataja ndoo, unga na chupa.

Hospice Africa Uganda ilianzishwa 1993 na Dkt. Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa. Mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali, hutengenezwa hapa nchini kwa kuchanganya unga, maji safi, kihifadhi na rangi. Rangi ni ya usalama: kijani ni miligramu 5 katika mililita 5, na zile kali zaidi zina rangi nyingine, ili chupa zisichanganywe. Inanyweka kila saa 4, na dozi ya wakati wa kulala huwa mara mbili ya kawaida ili mgonjwa apate usingizi. Aliyepewa mofini apewe na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, maana choo kikifunga ataiacha dawa na maumivu yatarudi. Tangu 2004 wauguzi na maofisa wa tiba waliosomea huduma hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Bila hivyo mwenye saratani wa kijijini angekufa akilia, kwa sababu daktari yuko mbali.

Mgonjwa huyu mashine zote zimeshamaliza kazi kwake. Anayebaki ni muuguzi wa bodaboda mwenye chupa ya kijani. Kwangu mimi huo ndio wito uliosafishwa hadi ukabaki wenyewe.

#26 Mwalimu_wa_Wodi

Mama, hili nitalipeleka darasani.

#27 Mzee_wa_Elgon

Neno moja kuhusu maombi kabla ya kupasua, kwa kuwa wengine wanayatumia kama mbadala wa utaratibu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 ina vituo vitatu: kabla ya ganzi au usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka. Maombi yakae kituo cha pili, wote wakiwa wamesimama, baada ya jina la mgonjwa, upasuaji na upande kutajwa kwa sauti. Shashi zihesabiwe kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo, na tena kabla ya kushona ngozi. Hesabu isipotimia, hakuna kufunga, hata kama mpasuaji ni askofu.

#28 Mlokole_Kabale

Amina. Ila maombi yasifungiwe kituo cha pili, Mzee! Roho hana ratiba.

#29 Mzee_wa_Elgon

Roho hana, mhesabu shashi anayo.

#30 Nesi_Wodi_ya_Watoto

FundiVifaa, nirudi kwako kwenye #6. Kipima oksijeni chetu kinasoma 17 kwenye hewa ya kawaida. Kimeharibika?

#31 FundiVifaa

Dada, hewa ya kawaida lazima isome 21, kwa hiyo usikitumie kwa mgonjwa leo. Kwanza jaribu kukirekebisha: kiache kwenye hewa ya wazi, mbali na konsentreta, dakika chache, ubonyeze kitufe cha kurekebishia. Kikigoma, au kikirudi 17 baada ya saa moja, sensa imeisha. Zile za kemikali hudumu mwaka mmoja hadi miwili tangu zifunguliwe, na huzeeka hata zikiwa kabatini, kwa hiyo usinunue mbili kwa mkupuo. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu isiyofutika. Ukiagiza mpya, ulizia pia kama wana aina ya mawimbi ya sauti. Hiyo haina sensa ya kubadilisha, ila inapima mashine tu, usiitumie kwenye mchanganyiko wa gesi za usingizi.

#32 Nesi_Wodi_ya_Watoto

Inasoma 21 sasa. Naiangalia tena saa tisa.